Mlifanyaje hadi kitengo cha usalama na ukaguzi wakakubali akili mnemba iandike msimbo?

mwana_wa_changombe ameandika:

Wakuu, habari za muda huu. Shikamooni mlionitangulia.

Ninaongoza timu ya watu 11 kwenye kitengo cha TEHAMA cha benki moja kubwa, makao makuu yapo Posta, Dar es Salaam. Sitaitaja jina. Kazi yetu ni mifumo inayouzunguka mfumo mkuu wa benki: malipo ya serikali, miamala ya kwenda na kutoka mitandao ya simu, hesabu za kufunga siku. Sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha za programu za Java na PL/SQL, na kuna msimbo (maandishi ya programu) humo ulioandikwa mimi nikiwa bado sekondari.

Mwezi wa tatu niliandika pendekezo la kurasa 9 la kununua leseni 11 za zana ya akili mnemba ya kusaidia kuandika msimbo. Nilichimba kila mahali. Niliweka ule utafiti wa waandishi wa programu 95, ambao waliopewa GitHub Copilot, zana ya namna hiyo, walimaliza kazi yao kwa haraka ya asilimia 55 hivi kuliko wenzao. Nikaweka kauli ya mkuu wa Google, Sundar Pichai, ya Oktoba 2024, kwamba zaidi ya robo ya msimbo mpya wa Google unatengenezwa na akili mnemba, kisha wahandisi wanaupitia na kuukubali. Nilipobonyeza kutuma nilikuwa na uhakika kwamba mambo yameisha.

Kikao kilichukua dakika 20. Mkuu wa usalama wa mifumo aliuliza swali moja: "Msimbo wetu ukitoka humu ndani, unakwenda kulala wapi?" Sikuwa na jibu lililonyooka. Mtu wa ukaguzi wa ndani akauliza la pili: siku mwamala wa mteja umepotea, na mstari uliokosea umeandikwa na mashine, kwenye fomu ya tukio tutaandika jina la nani? Bosi wangu akafunga daftari lake, akasema turudi tukiwa na majibu. Mpaka leo sijarudi.

Lakini kilichonifanya niandike hapa ni kingine. Wiki iliyopita, kama saa 12 jioni, nilipita nyuma ya kijana wangu mmoja. Alikuwa ameipiga picha skrini ya kompyuta ya kazini kwa simu yake, ameipeleka kwenye boti ya bure ya akili mnemba, na sasa anasoma jibu kwenye simu huku analiandika upya kwenye kibodi, herufi kwa herufi. Kwenye ile picha niliona jina la jedwali la wateja na namba mbili za akaunti. Aliponiona aliigeuza simu kifudifudi. Ni kijana mchapakazi, wa kwanza kuingia asubuhi. Sikumpeleka kokote. Nilikaa naye kantini, akaniambia karibu wote wanafanya hivyo tangu mwaka jana.

Kwa hiyo benki imesema hapana, na msimbo unatoka kila siku ukiwa mifukoni mwa watu. Usingizi umenipungua kwa jambo hili.

Mliofanikisha kitu hiki kwenye kampuni kubwa, iwe benki, bima, mtandao wa simu au hata serikalini, mlianzia wapi? Mlimjibu nini mtu wa usalama? Mlipimaje kama inasaidia kweli? Naomba uzoefu wa mtu aliyepitia mwenyewe. Vipeperushi vya wauzaji nimeshasoma vya kutosha.

Nawasilisha.

---

bibi_wa_leja amejibu:

Marahaba mwanangu.

Nimekuwa mkaguzi wa mifumo kwa miaka 17, benki mbili na sasa bima. Nimsemee kidogo huyo mtu wa ukaguzi, maana nyie wa TEHAMA mnamwona mzuia njia, na swali lake ni la haki kabisa.

Mkaguzi anatafuta mnyororo. Nani aliomba badiliko, nani aliliandika, nani alilipitia, nani aliidhinisha, liliingia laivu, yaani kwenye mfumo unaohudumia wateja, saa ngapi. Nikifika kwenye mstari wa 212 wa faili lako nataka niweze kuvuta mnyororo huo bila kumpigia mtu simu. Ukiniletea zana yoyote na mnyororo ukabaki mzima, sina ugomvi na wewe. Na "jina la nani" lina jibu fupi: jina la aliyeuwasilisha msimbo, na chini yake jina la aliyeupitia. Liandikeni kwenye sera kwa sentensi moja, mkurugenzi asaini. Maelezo kwamba "ni mashine iliandika" yasipokelewe kwenye ripoti ya tukio, kama ambavyo siku zote hatujapokea "nilinakili mtandaoni".

Ninachokiogopa kweli ni zile zana mpya zinazotenda zenyewe: zinaendesha amri, zinafungua databesi, zinafuta faili. Zikitumia akaunti ya mfanyakazi, kumbukumbu za mfumo zitasema Juma alifanya, na Juma alikuwa anakunywa chai. Julai 2025 wakala wa akili mnemba wa Replit, kampuni ya zana za kuandika programu, alifuta databesi ya laivu ya mteja, wakati alikuwa ameshaamriwa asibadilishe chochote. Mashine ya namna hiyo ipewe akaunti yake yenyewe, yenye jina lake, na akaunti hiyo isiione laivu hata kwa dirisha.

Sasa kuhusu ile picha ya simu. Mwanangu, hapo ndipo pendekezo lako lilipotakiwa kuanzia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba ya akaunti inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na sheria hiyo ina masharti juu ya kuzipeleka taarifa nje ya nchi. Wewe uliwapelekea wakubwa ombi la kubeba kihatarishi kipya. Hawakujua kwamba kihatarishi kikubwa zaidi wanacho tayari, hakina mkataba, hakina kumbukumbu, wala hakionekani. Nenda wewe mwenyewe kwa mkuu wa usalama, mwambie ulichokiona, usimtaje kijana. Ukinyamaza na kikaja kugundulika, mnyororo utaishia kwako.

---

fundi_wa_usiku amejibu:

Mkuu, nimesoma mara mbili. Hicho kikao chako cha dakika 20 nami nilikaa, mwaka 2023, kwenye kampuni ya kutuma fedha ninayofanyia kazi hadi leo. Tuna watumiaji nchi kadhaa, na sehemu kubwa ya fedha inatoka Oman na Ghuba kuja Tanzania na Uganda. Nilipeleka hoja ya kasi kama wewe. Mwezi uleule, Mei 2023, ikatoka habari kwamba Samsung wamewapiga marufuku wafanyakazi wao kutumia zana hizi, baada ya wahandisi kupeleka msimbo wa ndani kwenye ChatGPT. Mlango ukafungwa, na kusema kweli sikuwa na la kujibu.

Mwaka 2024 nilirudi tofauti. Sikuandika pendekezo lolote. Nilimwendea dada anayeongoza usalama wa mifumo, nikamwomba siku mbili za muda wake na kompyuta moja tupu. Tukaweka proksi katikati, yaani kituo cha kati kinachoonyesha kila kinachopita, tukaiwasha zana kwa leseni ya majaribio ya kibiashara, tukaifungulia mradi wa kuchezea, halafu tukakaa pamoja kuangalia kila kinachotoka kwenda nje. Hakuna waraka wa muuzaji unaofanana na kuona kwa macho yako.

Siku ya kwanza mchana tuliona kitu. Nilikuwa naandika kwenye faili moja, na zana ikatuma pia vipande vya faili lingine lililokuwa wazi pembeni, ili ielewe muktadha. Faili lile la pili lilikuwa la usanidi, yaani mipangilio ya mfumo. Ndani yake nilikuwa nimeweka pasiwedi ya databesi, ya uongo, kwa makusudi. Tukaiona inapita kwenye skrini ya proksi, neno zima. Yule dada hakusema chochote kwa muda. Kisha akaniuliza, "Kwenye hazina zetu za kweli za msimbo, mafaili ya namna hii yako mangapi?"

Hatukujua. Tukatafuta. Yalikuwa mengi kuliko nilivyotaka kukiri mbele yake, mengine ya zamani sana, pasiwedi ileile tangu mfumo uzaliwe. Tulitumia wiki 3 kuyasafisha na kuhamishia siri zote kwenye hifadhi maalumu, kabla ya kununua hata leseni moja. Kazi hiyo ilikuwa imeahirishwa miaka na miaka. Zana ndiyo iliyotulazimisha kuifanya, na ndiyo siku dada wa usalama alipoacha kuniona mchuuzi.

Kuhusu "unakwenda kulala wapi": jibu lake liko kwenye aina ya akaunti na kwenye mkataba. Akaunti ya bure ya kijana wako, mara nyingi masharti yake yanamruhusu mwenye huduma kuyatumia mazungumzo kuifunza mashine. Mikataba ya kibiashara ya wauzaji wakubwa kwa kawaida inakataza hilo na inataja data itakaa siku ngapi kabla ya kufutwa. Dai kifungu hicho kwa maandishi, mpe mwanasheria wenu akisome, na watu waingie kwa akaunti za kazini ili anayeacha kazi Ijumaa, Jumamosi asiweze kuingia. Hilo halihitaji maneno mengi.

Kisha tukaanza na kusoma. Miezi miwili ya kwanza zana haikuruhusiwa kuandika mstari hata mmoja wa kwenda laivu. Tuna prosija moja ya PL/SQL, programu inayokaa ndani ya databesi, ya kukokotoa kamisheni na kodi, mistari 1,900, iliyoandikwa na mzee mmoja ambaye sasa amestaafu, yuko Tanga. Hakuna aliyekuwa anathubutu kuigusa. Tukaiambia zana itueleze kwa lugha ya kawaida, aya kwa aya. Maelezo yakatoka mazuri, kurasa 6. Halafu tukampigia mzee simu, tukamsomea.

Alisikiliza kwa utulivu. Sehemu nyingi alisema "ndiyo hivyo". Tulipofika kwenye kigezo kimoja kilichopewa jina `kiwango_b`, zana ilikuwa imekieleza kuwa ni kiwango cha zamani kilichobakizwa kwa ajili ya kumbukumbu, na ikashauri kifutwe. Mzee akasema, "Hapana, hapana, hiyo ni Zanzibar." Kiwango cha kawaida cha VAT bara ni asilimia 18, Zanzibar ni 15, na wanaoikusanya ni mamlaka mbili. Hakuna neno Zanzibar popote kwenye ile mistari 1,900. Lilikuwa kichwani mwa mzee peke yake. Tukaliandika kama maelezo ndani ya msimbo, na siku hiyo nilielewa mashine hii inajua nini na haijui nini.

Sasa nikupe kisa kilichotupatia ndiyo ya mwisho, maana nadhani ndicho unachokitafuta.

Tulipoanza kuiruhusu iandike, kazi moja ilikuwa kuunganisha mshirika mpya wa Maskati. Mifumo mingi ya malipo haibebi desimali, inabeba kiasi kwa kizio kidogo kabisa cha sarafu, senti kwa mfano. Zana ikaandika kazi ya kubadilisha kiasi. Safi, inasomeka, majina mazuri. Ikaandika na majaribio ya kiotomatiki 14. Yote kijani, yaani yamefaulu. Mwandishi akawasilisha ombi la kuunganisha msimbo huo na ule mkuu saa 4 asubuhi.

Aliyepewa kupitia ni binti mmoja, mdogo kuliko wote kwenye timu, mzaliwa wa Unguja. Mjomba wake yuko Maskati na huwatumia fedha nyumbani. Alisoma, akasimama kwenye mstari mmoja: kiasi mara 100. Akaandika maoni mafupi chini yake: "Rial ya Oman ina baisa 1,000."

Piga hesabu. Mtu anatuma rial 45.750. Kiasi sahihi cha kupeleka ni baisa 45,750. Ule msimbo ungepeleka 4,575, na upande wa pili ungesoma rial 4.575. Mtu amekatwa hela yote, nyumbani imefika sehemu ya kumi. Na tukaangalia Uganda: kwa viwango vya kimataifa vya sarafu shilingi ya Uganda haina senti kabisa, ya kwetu na ya Kenya zimehesabiwa kuwa na desimali mbili. Kwa hiyo laki mbili ya Uganda ingekwenda kama milioni 20. Kosa moja, kwa mmoja hela inapungua, kwa mwingine inafura.

Na majaribio 14 yalikuwa kijani! Kwa nini? Kwa sababu aliyeandika msimbo ndiye aliyeandika majaribio. Alidhani sarafu zote zina senti 100, akaupima udhanifu wake kwa udhanifu uleule. Tangu siku hiyo tuna kanuni: namba za kwenye majaribio zinaandikwa na mtu, kutoka kwenye nyaraka za biashara au miamala halisi iliyofichwa majina, na zinaandikwa kabla zana haijaguswa. Zana ikitaka kuongeza majaribio mengine juu yake, karibu.

Kosa lile halikufika laivu. Wengine kwenye timu walitaka tulimalize kimyakimya. Nililipeleka mimi mwenyewe kwenye kamati ya vihatarishi, nikaonyesha mstari wenyewe, maoni ya yule binti, saa aliyoandika, na kanuni mpya tuliyoiweka. Nilikwenda nikidhani mradi unasimamishwa. Dada wa usalama akasema mbele ya wote kwamba kwa mara ya kwanza ameona jinsi kosa la mashine linavyokamatwa humu ndani, na kwamba kwa hilo anaweza kusaini. Alisaini wiki iliyofuata. Zile asilimia za kasi nilizozitafuta 2023 hakuna aliyeniuliza tena.

Jambo moja nilitaka kusahau: hizi zana wakati mwingine zinataja maktaba ya msimbo (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) ambayo haipo, na mhalifu anaweza kusajili jina hilo la kubuni akaweka sumu ndani. Kompyuta za waandishi wetu hazichukui maktaba moja kwa moja kutoka intaneti. Zinachukua kwenye ghala letu la ndani, na kitu kikiingia humo kimeshakaguliwa. Kama benki yenu haina ghala hilo, anza nalo kabla ya leseni.

---

mwendwa_ngong amejibu:

Salamu kutoka Nairobi. Nimefurahia kisa cha rial, ila naomba tusikimbie swali la tatu la ndugu yetu, la kupima, kwa sababu hapo ndipo kampuni yetu ya bima ilipoumia.

Ule utafiti wa watu 95 walipewa kazi moja ndogo, kuandika seva rahisi ya HTTP kwa JavaScript kuanzia sufuri. Je, lini mara ya mwisho benki imekupa kazi ya kuanzia sufuri? Julai 2025 METR, kundi la utafiti linalopima uwezo wa mashine hizi, lilichapisha utafiti wa waandishi wazoefu 16, kazi 246, kwenye miradi mikubwa ya msimbo huria waliyoifanyia kazi kwa miaka. Kabla ya kuanza walitarajia akili unde (ndiyo hiyo akili mnemba yenu) iwaokolee asilimia 24 ya muda. Walipomaliza waliamini imewaokolea 20. Saa ilionyesha wamechelewa kwa asilimia 19. Zana zimebadilika tangu hapo, nakubali, lakini hilo pengo kati ya hisia na saa ndilo lililonikaa moyoni. Sisi tulipima kwa kuwauliza wahandisi kama wanahisi haraka. Wote walihisi.

Kilichotokea kwetu ni hiki. Vijana waliwasilisha msimbo mwingi, maombi makubwa ya mistari 800, mistari elfu. Wazee watatu wa kupitia wakafurikwa. Mmoja alianza kupitia usiku nyumbani, baadaye akaanza kuidhinisha bila kusoma hadi mwisho, na aliniambia mwenyewe akiwa amechoka sana, tukiwa tumesimama kwenye maegesho ya magari. Ripoti ya 2024 ya DORA, mradi wa Google wa kutafiti kazi za timu za programu, iliona kitu kama hicho: matumizi ya akili unde yalipoongezeka, uthabiti wa utoaji wa mabadiliko ulishuka, na wao walishuku ukubwa wa mafungu ya mabadiliko. Sasa tuna kikomo cha mistari 200 kwa ombi moja, na tunapima vitu viwili tu: siku ngapi tangu kazi kufunguliwa hadi kutulia laivu, na mabadiliko mangapi yamerudishwa nyuma. Namba za mistari iliyoandikwa hatuzitazami tena.

Siipingi zana. Ila kabla hujaomba leseni, hesabu wanaoweza kupitia msimbo kwenye timu yako ya watu 11. Wakiwa wawili, huna mahali pa kuupeleka huo msimbo wa ziada.

---

fundi_wa_usiku amejibu:

Mwendwa, hapo umenena, na mimi sikuligusa. Sisi ilitusaidia kwamba tulianza na kusoma, kwa hiyo foleni ya mapitio haikuvimba ghafla. Pia yule binti wa Unguja sasa anapitia nusu ya siku, na imeandikwa kwenye majukumu yake rasmi. Zamani kupitia msimbo wa mwenzako ilikuwa kazi ya hisani.

---

mdau_stuttgart amejibu:

Niko Ujerumani, kampuni ya viwanda, maelfu ya waandishi wa programu. Huku kikwazo kilikuwa baraza la wafanyakazi. Sheria inawapa kauli juu ya kifaa chochote cha kiufundi kinachoweza kutumika kumchunguza mfanyakazi, na zana hizi huwa na ukurasa wa msimamizi unaoonyesha nani ametumia, mara ngapi, amekubali mapendekezo mangapi. Mazungumzo yalichukua miezi. Mwisho tulikubaliana kwa maandishi kwamba takwimu zitaonekana kwa timu nzima, si kwa mtu, na hazitaingia kwenye tathmini ya mwaka.

Nilidhani ni urasimu. Baada ya kusainiwa, watu walianza kusema mikutanoni kabisa, "hapa ilinidanganya", "hapa sikuielewa nikaikubali tu". Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anasema. Kaka, vijana wako wanaogeuza simu kifudifudi watahitaji kuambiwa kitu kama hicho, na kiwe kwenye karatasi.

---

mwana_wa_changombe amejibu:

Wakuu, nimerudi baada ya siku 9. Asanteni, na bibi_wa_leja, nakushukuru kipekee kwa kuniambia bila kuzunguka.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa usalama peke yangu, bila karatasi. Nilimweleza ile picha ya simu, pamoja na zile namba mbili za akaunti. Nilisema ni kwenye timu yangu na sitamtaja mtu. Nilitegemea anifokee. Alinyamaza, akaniuliza kama nadhani kuna timu nyingine zinafanya hivyo. Nikamwambia sijui ila nadhani ndiyo. Akasema naye anadhani hivyo, na kwamba amekuwa akilifikiria tangu kile kikao.

Tumefanya ile kazi ya proksi jana, sisi wawili na kijana wa mtandao. Nilichagua mradi wa kuchezea kama alivyosema fundi. Yeye akakataa, akataka tuchukue nakala ya mradi wetu halisi, kompyuta ikiwa imekatwa intaneti, tuone tu ni mafaili gani zana inajaribu kuyabeba. Faili la tatu kwenye orodha lilikuwa la usanidi wa malipo ya serikali. Aliisoma pasiwedi kwa sauti ya chini, akatazama tarehe ya faili: 2016.

Hatujazungumzia leseni. Tumepewa wiki 4 za kusafisha siri kwenye hazina zote, na yule kijana wangu nimempa aongoze kazi hiyo. Nimemwambia sababu. Wanaoweza kupitia msimbo nimewahesabu pia, Mwendwa. Ni watatu, na mmoja anakwenda likizo ya uzazi Septemba.

Fundi, swali moja la haraka: zile namba za majaribio mnazitunza wapi? Kwenye hazina ileile ya msimbo, au mbali?

---

fundi_wa_usiku amejibu:

Hazina tofauti, mkuu. Zana inaruhusiwa kuzisoma, hairuhusiwi kuzibadilisha. Anayetaka kubadilisha namba humo anahitaji sahihi ya mtu wa fedha, na wetu ni mkali. Mwanzoni alikuwa anatuuliza kwa nini tunamsumbua na mambo ya kompyuta. Sasa ametuletea mwenyewe orodha ya miamala 60 ya ajabu aliyokutana nayo tangu aanze kazi, ameichapa kwenye Excel, na kila mmoja ameandika pembeni ulitakiwa uweje. Nikipata ruhusa yake nitakuonyesha umbo la jedwali, bila namba.

---

mwana_wa_changombe amejibu:

Nitashukuru sana. Na nadhani namjua mtu wa namna hiyo ghorofa ya pili kwetu. Kesho asubuhi naanzia kwake.